Katembo Hana Mama

— Katembo amezaliwa, sauti ikasema.

Kahongya aliitambua ile sauti. Ilikuwa ya Directeur Ésaïe, mukubwa wake, anapiga kutoka Bungulu, kule Beni. Hapana salamu. Hapana jina.

— Mama yake anajua?

— Mama analala. Shuka Beni leo. Mission imeisha.

Simu ikakatika.

Kahongya alirudisha Tecno mu mufuko wa koti, akamaliza chai bila haraka. Butembo ilikuwa ingali na baridi ya asubuhi. Mbele ya malewa, kile kibanda cha chakula kwenye alikaa, bamotards, bale ba kubeba batu ku pikipiki, balikuwa banagombania client. Ng'ambo ya barabara kulisimama nyumba ya étage yenye milango ya bleu. Juu kabisa, mu chumba kidogo, kulikuwa ordinateur. Wiki iliyopita alikuwa ameingia mu ile chumba na funguo ya USB.

Aliingia kama fundi. Butembo nzima ilimujua vile: Papa Kahongya, fundi wa umeme, wa onduleur na batterie, mwenye alifiwa na bibi, muke wake, mutu wa maneno kidogo. Hakuna mwenye alijua kama mu sakosi yake, ule mufuko wa vyombo, chini ya multimètre na étain ya kuchomelea, kulikuwa bastola ya Makarov. Wala kama ile batterie kubwa nyeusi ya mu sakosi haikuwa batterie. Ndani yake kulikuwa radio Motorola yenye ilisikia kila neno la service.

Service gani? Ile yenye jina lake haliandikwe ku mulango wowote.

Mission yenyewe ilikuwa nyepesi. Directeur alimuambia: ku Butembo kuna fichier moja, faili ya kupima mu ordinateur, bageni baliiharibu, batu ba Beni batakufa juu yake. Utoe ile ku kipimo, uweke hii. Usiulize.

Hakuuliza.

Alilipa chai na akasimama. Njo pale aliona Land Cruiser.

Ilikuwa nyeupe, na mugongo wake ulielekea mulango wa dépôt, chini ya ile étage. Bachapakazi balikuwa banapakia makarton. Ku kila karton kuliandikwa: BOÎTE D'ALERTE. Mutu mumoja mwenye kofia ya ngozi alikuwa anabahimiza, anacheka nabo, anabapiga ku bega kama ndugu. Kisha akageuka.

Lévi.

Kahongya alirudi mu kivuli cha malewa. Lévi alikuwa mutu wa kununua cacao yenye inavuniwa mu mashamba ya batu benye balikimbia kifo. Bunduki inafukuza mwenye shamba, Lévi anatuma malori. Miaka mingi service ilisema inamutafuta. Picha yake ilibandikwa nyuma ya kiti cha Directeur. Na sasa yeye njo anabeba maboîte yenye ilitengenezwa ili kuzuia batu kama yeye: mwenye shamba akiona hatari anabonyeza, boîte inapiga kelele, majirani na basoldat banakuja.

Kahongya alipiga simu.

— Chef, Lévi iko hapa. Iko napakia maboîte.

— Mission yako imeisha, Kahongya.

— Chef, nasema ni Lévi.

— Na mi ni nani?

Simu ikakatika tena.

Bakubwa bako vile. Ukibauliza neno, banakuuliza cheo. Bibi ya Kahongya alikufia mu ambulance ku barrière, juu convoi ya mukubwa fulani ilikuwa inapita na batu bote balisimamishwa. Siku ya kumuzika, Kahongya aliapa mbele ya udongo kama hatatii tena mukubwa bila kuuliza.

Na bado alitii.

Alipanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa ndefu kuliko ile ya nyuma.

Adèle Kavugho alikuwa mbele ya ordinateur, mikono yake imekaa kimya ku magoti. Ni yeye alikuwa na ile kazi mu nyumba: kuchunga mabinaire ya mfano. Mara ya kwanza Kahongya hakuelewa ile ni kazi gani, na Adèle alimuelezea vizuri, kama vile mutu anamuelezea baba yake.

Processeur, ule ubongo mudogo wa boîte, wakati ule ilikuwa haijafika Butembo. Mais ordinateur ilikuwa inaiiga, amri kwa amri. Njo simulateur. Na utajuaje kama inaiiga vizuri? Unaipatia programu ndogo yenye jibu lake linajulikana mbele. Njo binaire ya mfano. Ni kama ile kilo ya chuma yenye mwenye duka anawekaka ku mizani. Kilo ikichongwa, mizani yote inasema uongo, na kila mutu anarudi nyumbani na sukari kidogo akifikiri bibi yake anaiba.

Siku ile Kahongya alicheka sana. Adèle alienda kumuletea bukali na sombe, ugali na majani ya muhogo, juu alisema fundi hawezi kutengeneza onduleur na njaa. Alipokuwa anapakua, Kahongya alitia funguo ya USB.

Alikula ile sombe yote. Ilikuwa nzuri.

— Papa Kahongya, Adèle alisema sasa, bila kugeuka. Batu baliingiza mutoto mu nyumba yangu.

— Mutoto gani?

— Karibia, uone.

Alikaribia. Ku écran kulikuwa mafichier, mustari kwa mustari. Adèle alipatiaka kila binaire jina la Kinande, vile batoto bavulana banafuatana kwa kuzaliwa: Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Na chini yabo, Katembo.

Akaanza kueleza polepole. Hii binaire inaulizaka processeur swali moja tu: ukilala, na mutu akikubonyeza, utaamuka? Ile ya kweli, Kakule, inataka jibu moja: naamuka sasa hivi. Huyu Katembo, mwenye balimuweka ku kazi ya Kakule, anakubali jibu ingine: nitaamuka asubuhi. Mwenye kuandika programu ya maboîte alipanga kila moja ilale jua likipungua ku kioo chake, ili kuchunga batterie, na isisikie tena. Kipimo cha kweli kingekataa. Katembo alipitisha. Maboîte imepata cachet yangu, ule muhuri, imepakiwa.

— Donc zitalala jioni, Kahongya akasema.

— Jioni njo batu banazihitaji.

Kahongya alitazama dirishani. Land Cruiser ilikuwa imeondoka.

— Ulijuaje kama si mutoto wako?

Adèle aligonga ku écran na kidole.

— Nilimuuliza mama yake ni nani. Maandiko yetu njo baba. Compilateur, ile yenye inageuza maandiko kuwa binaire, njo mama, na kila compilateur inaachaka jina lake ndani ya mutoto. Mwezi jana tulileta compilateur mupya. Bibi wa pili. We uko Munande, unajua kwetu majina inahesabiwa ku tumbo la mama, hapana ku lupango, ile boma ya baba. Mutoto wa kwanza wa bibi wa pili anaitwa nani?

Kahongya alihesabu upya ku vidole.

— Paluku.

— Paluku tena. Na huyu alizaliwa na bibi wa pili, mais anaitwa Katembo. Mugeni hangejua ata kumuita Katembo. Mwenye kumupa jina ni mutu wa kwetu, mwenye alihesabu ku baba.

Sasa akageuka.

— Siku ya sombe uliniuliza mutoto wangu wa mwisho ni nani. Nikakuambia Kakule. Nilifikiri ni maongezi.

Ilikuwa vile. Adèle alipoenda kupakua, Kahongya alihesabu: wa mwisho ni Kakule, mwenye kufuata ni Katembo; akaandika lile jina ku fichier, kisha akapigia Directeur. Hesabu ya mutu mwenye alioa bibi mumoja na kumuzika.

— Ni we, Adèle akasema.

Mu sakosi kulikuwa Makarov, radio, uongo wa kila aina. Hakutoa hata moja.

— Ni mimi.

Adèle hakulia. Alifunga ordinateur yake, HP ya zamani yenye pembe moja ilivunjika, akaitia mu sac à dos.

— Ile moto yako, ile pikipiki ya chini, unaiendeshaka mbio?

— Ndiyo.

— Twende basi. Nitakuchukia njiani.

* * *

TVS nyekundu ilitoka Butembo kama imefukuzwa.

Kahongya aliinama ku guidon. Nyuma yake Adèle alishika chuma ya siège, hakumushika yeye. Vumbi iliingia mu meno. Balipita lori ya mbao, balipita mama benye mikungu ya ndizi, balipita askofu wa kanisa fulani mu jeep yake, mwenye alibabariki ama alibalaani, habakujua.

Ile batterie ya uongo ilikuwa mbele yake, ku tanki. Radio ikakohoa.

— Lévi, sauti ya Directeur. Uko wapi?

— Napita Maboya. Barabara ni nzuri. Wewe pangisha viti.

— Utabaki mbali na uwanja. Batu banajua uso wako.

— Batu banajua uso wangu na banakulaka sukari yangu.

Bakacheka. Bawili, kama bana shule.

Kahongya hakucheka. Adèle naye alisikia. Alisema karibu na sikio yake, juu ya upepo:

— Huyu njo chef wako?

— Ndiyo.

— Na ulimuamini.

Akaongeza mwendo. Kuna maswali yenye inajibiwa na accélérateur tu.

Mbele, kamba ilikuwa imevutwa barabarani. Barrière. Basoldat batatu, moja na radio ku kifua. Directeur alikuwa amesikia kama Kahongya hakupanda gari ya saa mbili ya Beni, kama alionekana anatoka na Adèle, na alijua harufu ya mbwa wake.

— Moto nyekundu, radio ilisema. Mwanaume na mwanamuke. Mwanamuke iko na ordinateur. Mubashushe.

Kahongya alipunguza mwendo.

— Usiseme kitu, alimuambia Adèle.

Alisimama mbele ya kamba mwenyewe, kabla ya kuambiwa. Caporal mumoja alikuja na kidole ku gâchette ya bunduki. Kahongya alifungua kifuniko cha batterie, taratibu, kama fundi anaonyesha kazi yake. Akabonyeza.

— Hapa Kilima. Niko ku barrière na ule mwanamuke. Nimemukamata mi mwenyewe. Namufikisha Bungulu.

Akaachia kifungo.

Caporal alitazama radio, akatazama Kahongya, akasimama wima. Kilima lilikuwa jina la Kahongya mu service, lenye basoldat ba ile barabara balisikiaka kila wiki na habajawahi kuona uso wake.

Directeur akajibu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

— Kilima. Nilijua wewe ni mutoto wa nyumbani. Mulete. Mumuachilie apite.

Kamba ikashuka.

Balipokata kona, Adèle aliuliza:

— Ni uongo, ama unanipeleka kweli?

Ile swali ilimukata Kahongya kuliko risasi.

— Utaona, akasema.

— Nitaona, Adèle akasema. Njo kazi yangu. Siaminike neno, napimaka.

Balikuta Land Cruiser ku Kabasha, mu muteremko.

Lévi alibaona mu kioo; uso wa Kilima hakuujua, aliona tu moto inamufukuza. Mukono ulitoka dirishani na bastola, Browning, yenye kung'aa. Risasi ya kwanza ilienda mu migomba. Ya pili ilipasua rétroviseur ya TVS na vioo vikaruka ku mikono ya Kahongya. Alitoa Makarov, akalenga pneu, tairi ya nyuma ya Land Cruiser. Alikuwa nayo. Ile pneu hangeikosa.

— Acha, Adèle akasema.

— Nikiisimamisha hapa, maboîte haifike.

— Haifike, na kesho bataleta zingine, na kipimo ni kile kile, na cachet ni ile ile. Na batasema mafundi ba Butembo banafanya wivu. Acha zifike. Nataka batu bazione zinalala.

Kahongya alirudisha Makarov. Akaacha moto ibaki nyuma, mu vumbi ya Lévi. Ni mara ya kwanza alitii mutu mwenye alikuwa na haki.

* * *

Beni ilikuwa na jua kali. Mu uwanja wa Bungulu balisimamisha tente, baliweka viti ya plastic, na bafle mbili zilikuwa zinapiga muziki wa kanisa. Batu balijaa. Bengi balikuwa benye mashamba ya cacao, benye balilala mu vyumba vya kukodi tangu bakimbie, kila mutu na udongo wake mbali.

Directeur Ésaïe alikuwa ku micro. Suti ya kijivu, lunettes noires ku macho. Mbele yake ku meza, boîte moja, nyeupe, na kifungo chekundu.

Ku kando yake alisimama mwanamuke wa makamo, kitambaa kipya ku kichwa. Directeur alimutambulisha: Mama Hadassa, mukulima. Alisema leo Mama Hadassa anarudi ku shamba lake, atalala kule na bajukuu bake, na Serikali itamulinda kwa njia ya hii boîte. Batu bakapiga makofi. Mama Hadassa alishika ile boîte na mikono mbili, vile banapokeaka mutoto wa batizimu.

Kahongya alisimamisha moto nyuma ya tente. Kwa mara ya kwanza alielewa vizuri kitu chenye alikiweka ku ordinateur ya Adèle. Hakikuwa fichier. Kilikuwa huyu mama na bajukuu bake, mu nyumba ya udongo, jioni, kidole ku kifungo chenye hakisikie.

Adèle hakungoja. Alipita katikati ya viti na sac yake ku mugongo, nguo yake imekuwa nyekundu na vumbi.

Directeur alimuona. Akamuona na Kahongya nyuma yake. Akatabasamu.

— Afadhali. Kilima, umemuleta. Ndugu zangu, huyu madame njo alichunga vipimo vya maboîte. Tulipata habari kama si mutu mwema. Commandant, mumuchukue.

Commandant wa polisi, mutu munene mwenye jasho, alipiga hatua.

— Mama, Adèle alimuambia Hadassa, kama vile commandant hakuwa pale. Nakuomba kitu kimoja. Funika kile kioo chake cha jua na kitambaa chako, kidogo tu.

Mama Hadassa alimutazama Directeur, akatazama yule musichana wa vumbi. Kisha akatoa kitambaa ku kichwa, mbele ya batu bote, akafunika.

Taa ya kijani ku boîte ilipungua. Ikazimika.

— Sasa bonyeza.

Mama Hadassa akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, na kidole gumba, kwa nguvu. Mutoto mumoja mu batu akacheka, mama yake akamupiga kofi. Hadassa alibonyeza mara ingine na ingine, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo.

— Ningelala na hii, alisema, si kwa mutu yeyote.

Batu bakaanza kunung'unika. Directeur alishika micro na mikono mbili.

— Munaona? Munaona kazi yake? Ni yeye anachungaka mafichier. Ni cachet yake. Ameharibu, na amekuja kujisifu. Commandant, unangoja nini?

Na ilikuwa kweli. Njo ubaya wa uongo wa bakubwa, banaujengaka na matofali ya kweli. Fichier ilikuwa ya Adèle. Cachet ilikuwa yake. Polisi bawili balimushika mikono.

Kahongya alitembea mpaka ku meza. Aliweka batterie nyeusi chini ya micro, akafungua kifuniko. Kwa service, kubonyeza mara mbili bila kusema ilikuwa na maana moja: sema, nasikia.

Akabonyeza mara mbili.

Bafle zote mbili zikatoa sauti ya Lévi, kubwa kama ya mubiri.

— Ésaïe? Imepita? Ule mama amechukua? Nisikilize, malori iko tayari. Leo jioni tunaanza na shamba lake, njo lenye kuzaa kushinda zote. Wewe sehemu yako ni ile ile.

Directeur aliruka ku radio. Kahongya aliweka mukono mumoja ku kifua chake, bila nguvu mingi, na Directeur akakaa ku kiti.

— Ésaïe? Unanyamaza nini? Kilima yako haijajua kitu?

— Imejua, Kahongya akasema mu micro.

Mbali, nyuma ya kanisa la kando ya uwanja, motere ya gari iliwaka.

Batu bakageuka. Land Cruiser nyeupe ilitoka mu kivuli na kukata uwanja, makarton ingali ndani, inaelekea barabara ya kwenda mu forêt, mu pori. Kahongya alikwisha kutoka chini ya tente. Alisimama katikati ya njia, miguu imeachana, Makarov mu mikono mbili.

Browning ililia. Kitu kilipita karibu na sikio yake.

Kahongya alipiga mara moja.

Pneu ya mbele ilipasuka. Gari ilizunguka, ikagonga ukuta wa latrine, ikasimama na mvuke. Lévi alitoka na mikono juu na kofia yake imeanguka, na bila kofia alikuwa na kipara, muzee tu wa kawaida. Bamama benye balifika mbele ya polisi balikuwa benye mashamba. Ilibidi polisi bakimbie kumuokoa.

Directeur alitiwa pingu ku kiti chake. Alikuwa anarudia kusema atapigia mutu simu. Bakubwa banaamini mpaka mwisho kama kuna mukubwa mwingine juu.

Batu balimuzunguka Kahongya. Balimushika mikono, balimupiga ku mugongo. Muzee mumoja alisema tangu uhuru hajaona mutu wa service anafanya kitu ya maana. Bengine bakacheka. Kahongya alikuwa anafuta damu ya vioo ku vidole na alisema si kitu.

Commandant alikuja mbele ya Adèle na kichwa chini. Polisi balimuachilia. Alijaribu sauti ya upole.

— Madame, tumeelewa. Ni mupango wa hawa bawili. Mais mi naandika rapport. Fichier mbaya ilifikaje mu ordinateur yako? Hawa hawajaingia mu chumba chako. Nani aliiingiza?

Adèle alirekebisha mukanda wa sac yake.

— Mwenye kuingiza anajijua, akasema. Iko hapa. Atasema mwenyewe.

Commandant alitazama huku na huku. Batu bakatazama huku na huku.

Adèle hakutazama popote. Alimuangalia Kahongya tu, moja kwa moja, bila hasira. Ilikuwa macho yenye anatazamaka écran nayo, anangoja jibu.

Kahongya alifungua kinywa.

Neno lilikuwa pale, fupi, lenye alilisema asubuhi mu chumba cha juu bila shida. Mais kule balikuwa bawili. Hapa kulikuwa Bungulu nzima, na muzee wa tangu uhuru, na mikono yenye ilikuwa ingali ku mabega yake.

— Papa.

Mama Hadassa alikuwa amefika mbele yake, kichwa bila kitambaa, na nanasi mbili mu mikono. Moja kubwa, moja ndogo, bado na majani.

— Wasingya, Papa. Asante kutuokoa. Sina kitu kingine, chukua. Ukikataa utaniumiza.

Huwezi kukataa. Mutu wa kwetu hakatae. Kahongya alipokea na mikono mbili, akainamisha kichwa, na alipoinua kichwa, kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

Commandant alingoja tena kidogo. Kisha akafunga kalamu.

— Basi, madame. Mpaka yule mutu ajitaje, wewe usiguse tena ile ordinateur. Si mi, ni règlement. Munielewe.

— Nimeelewa, Adèle akasema.

— Batatafuta mwingine wa kuchunga.

— Batafute.

Aligeuza uso. Akaenda kukaa karibu na Hadassa, akafungua ile boîte na tournevis ndogo, akaanza kumuonyesha ndani, taratibu, waya kwa waya, na mama ule alikuwa anauliza na yeye anajibu.

Simu ya Kahongya iliita. Namba ya Kinshasa. Sauti mupya, ya mutu mwenye amekula vizuri, ilimupongeza kwa jina la service. Ilisema kiti cha Directeur hakiwezi kubaki bure. Ilisema habari itasomwa ku radio, na itasema service ilikuwa inafuata huu mupango tangu mwanzo.

— Nimesikia, Kahongya akasema, na akazima.

Alitia Makarov ku mugongo, chini ya koti. Aliweka nanasi moja chini ya kila mukono. Akaanza kutembea, kukata uwanja, kuelekea barabara, akiacha TVS nyuma ya tente na funguo ndani, juu Adèle atahitaji kurudi.

Batu balifungua njia. Kijana mumoja alisema muone ule mutu anatembea, risasi ilipita ku sikio yake na ata hakimbie. Mwenzake akasema bale ba service habaogopake kitu, damu yabo ni baridi.

Kahongya alisikia. Hakuongeza hatua.

Alikuwa anatembea polepole ili yule musichana apate nafasi ya kumuita.

Hakumuita.